Mjumbe wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Wamenipigia simu nikiwa na mwanafunzi kwenye mzunguko wa barabara. Nimechaguliwa! Mjumbe raia, Baraza la Mapitio, chini ya Sheria mpya ya Afya ya Akili. Mwanafunzi alidhani nimeshinda bahati nasibu, akaachia klachi ghafla. Gari likazima katikati ya watu. Honi kila upande. Nikamwambia washa, tulia, twende.

Nyumbani Baba Pacha hakuinua macho kwenye sahani. Kazi yenyewe ni nini? Nikamweleza. Zamani ndugu wakikushindwa walimwita polisi, daktari akakutupia jicho, ukaingia wodi ya kufungiwa. Kutoka ni siku daktari atakayopenda. Sasa sheria inasema mtu hawezi kuzuiliwa hospitali bila ridhaa yake mpaka watu watatu wamsikilize: wakili, daktari wa hospitali nyingine, na raia asiye na taaluma ya sheria wala tiba.

“Yaani walitafuta mtu asiyejua kitu, wakakupata wewe.”

Nilicheka mpaka nikakohoa. Miaka yote hii ya ndoa na ulimi wake haujapata kutu.

Kwa nini niliomba? Sijui vizuri. Nimefundisha watu kuendesha gari tangu pacha wetu wakiwa tumboni. Sasa pacha wana watoto wao. Nilitaka kukaa mahali ambapo kiti hakitembei.

Jumatano, 6 Machi

Mafunzo, kutwa nzima. Wakili ndiye mwenyekiti wetu. Mwanamke mfupi, sauti nzito, ananyonya pipi za kifua moja baada ya nyingine. Daktari ni mrefu, mpole, mikono mikubwa anayoificha chini ya meza.

Maswali ni matatu tu. Je, huyu ni mgonjwa wa akili? Je, ugonjwa unamfanya awe hatari kwake au kwa wengine, au ashindwe kabisa kujitunza? Je, hakuna njia nyepesi kuliko kumfungia? Yote matatu yajibiwe ndiyo, na ndiyo ya leo, si ya mwezi uliopita. Moja likiwa hapana, mlango unafunguliwa.

Wakili akasema hatuulizi kama ndugu wamechoka. Ndugu huchoka, na hilo si kosa la mgonjwa.

Daktari akasema wala si kosa la ndugu.

Hawakutazamana. Nadhani hawa wawili watanipa kazi.

Jumatano, 13 Machi

Kikao cha kwanza. Chumba kilikuwa cha kupigia pasi mashuka, bado kinanuka wanga. Meza moja, viti sita, feni inayogeuka upande mmoja tu na kumpepea Daktari peke yake.

Walimwingiza mwanamke wa miaka kama thelathini na kitu, gauni la hospitali, viatu vyake mwenyewe. Mpishi. Alikuwa akipika kantini ya kiwanda. Nyuma yake kaka yake, fundi wa vigae, mikono imepauka kwa saruji, kofia ameikunja ndani ya kiganja.

Kaka alieleza. Dada yake anaishi kwake, yeye na mke wake na watoto. Kuna siku alianza kusikia maji yakitiririka ndani ya ukuta wa bafu. Mwanzo walidhani bomba limepasuka, wakamwita fundi bomba, hamna kitu. Akaacha kulala. Siku moja wakarudi wakakuta ukuta umebomolewa. “Vigae nilivyovipanga mimi mwenyewe,” alisema, na hapo sauti ilimkatika, kwenye vigae. Kisha akaenda kwa jirani na nyundo. Maji yamehamia huko, kasema. Akapiga ukuta wa chumba ambacho mtoto mchanga alikuwa amelala upande wa pili. Tofali likaangukia kitandani. Mtoto alikuwa ameshanyanyuliwa muda si mrefu, mama yake alitaka kumnyonyesha.

Feni ikakwaruza.

Mpishi hakubisha hata neno. Alisema ni kweli, na kwamba tofali lile analiona akifumba macho. Wamemchoma sindano, wamempa vidonge, amelala, amepata akili. “Maji siyasikii tena. Huwa nayasikiliza, lakini siyasikii.”

Daktari alimuuliza kama hii ni mara ya kwanza. Hapana, ya pili. Ile ya kwanza aliacha dawa.

Wakili akanigeukia. Mjumbe, una swali? Mdomo ulikuwa mkavu kama wa mwanafunzi siku ya mtihani. Nikauliza: ukiyasikia tena utafanya nini?

Akafikiri.

“Sijui. Wewe ungefanya nini?”

Walipotoka, Daktari akasema abaki wiki chache zaidi. Dawa haijakaa mwilini, atarudia yale yale. Wakili akasema sheria inauliza leo, na leo amekaa pale anajibu vizuri kuliko mashahidi wangu wengi mahakamani. Kliniki ipo, dawa atameza nyumbani, hiyo ndiyo njia nyepesi. Basi wote wawili wakanitazama. Mmoja abaki, mmoja aende, na mimi katikati kama mama mkwe.

Nikasema aende nyumbani. Kwa sababu ya ile “sijui.” Mtu aliyejipanga kutudanganya angeahidi mbingu.

Daktari aliandika pingamizi lake kwa mwandiko mzuri sana.

Koridoni nikampita kaka yake. Hakunisalimu. Alikuwa anaikunjua kofia na kuikunja tena.

Alhamisi, 14 Machi

Baba Pacha anataka kujua. Nikasema siri ya kikao. Akasema haya, na yeye ana siri yake jikoni. Nikaenda kuangalia — wali umeungua mpaka sufuria imebadilika rangi.

Jumanne, 2 Aprili

Siamini ninachoandika. Asubuhi nafungua ofisi, nani amesimama mlangoni? Mpishi! Gauni la maua, mkoba begani. Hakunitambua, au alijifanya. Anataka kujifunza kuendesha gari. Kiwandani hawamtaki tena. Amepata mtu anayepika vyakula vya sherehe, anahitaji mpishi atakayeweza na kuendesha gari la kupelekea vyakula.

Nikasema tunajuana.

“Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nimekuja hapa. Kwingine ningekaa nikiogopa watajua lini. Wewe unajua tayari.”

Nikamuuliza dawa. Anameza. Daktari wa kliniki amempima na kumruhusu, na kaandika. Nikamwambia arudi kesho, nina gari bovu. Gari halina ubovu wowote.

Jumatano, 3 Aprili

Nilimpigia Wakili. Alikuwa na pipi mdomoni, nilisikia ikigonga meno. Akasema sheria haijasema usimfundishe. Imesema usimhukumu tena. Akirudi mbele ya Baraza, wewe unatoka, anakaa mwingine. Nikasema sitegemei arudi. Akasema hakuna anayetegemea.

Mpishi amekaa kwenye usukani leo mara ya kwanza. Gari limeruka kama chura. Amecheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Ana pengo.

Ijumaa, 12 Aprili

Ana mkono mwepesi. Gia anazijua kwa sikio, haangalii chini. Nimefundisha wahasibu na wachungaji ambao baada ya miezi bado wanatafuta gia kama wanatafuta funguo mkobani.

Tatizo ni kutetemeka. Mikono kwenye usukani, kidogo, muda wote. Dawa hizo, anasema. Hilo anaweza kuvumilia. Jingine ndilo linamtesa. Ulimi umekufa. Chumvi haionji, ndimu haionji, kila kitu ni kama kutafuna karatasi. Jumapili alipika kwa mara ya kwanza pale kwenye kazi mpya, mchuzi wa watu wengi, akatia chumvi kwa kukisia. Mwenye kazi alionja, akamwaga sufuria nzima bila kusema kitu. Kesho yake akampa kumenya vitunguu.

Nikamwambia mweleze daktari, dawa ziko aina nyingi. Akasema eti, ziko nyingi? Nikasema nadhani. Mimi ni mwalimu wa udereva.

Jumatatu, 22 Aprili

Kaka yake alikuja ofisini. Alikataa kiti. Saruji kwenye viatu, akasimama nje ya zulia ili asinichafulie.

Amesikia dada yake anafundishwa na mimi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama napata usingizi. Sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia.

“Mama, nyinyi mlikaa naye nusu saa. Sisi tunakaa naye. Mke wangu amewachukua watoto, yuko kwa mama yake. Hajaniacha, anasema, ila hatalala nyumba yenye nyundo. Nimeziondoa nyundo zote nyumbani. Mimi ni fundi! Vifaa naviweka kwa rafiki, asubuhi naenda kuomba vyangu mwenyewe.”

Nikamuuliza kama kuna kitu ameona. Hakuna bado. Ila dada yake hali chakula anachopika mwenyewe, na usiku anakaa kitandani macho wazi, anasema anapumzika.

Nikamwambia sheria inamruhusu ndugu kuomba tena, aende kliniki, aeleze. Akasema alikwenda. Wakamwambia mgonjwa mwenyewe anahudhuria, yuko sawa, wasubiri. Wasubiri nini, alitaka kujua. Ukuta wa nani?

Alipotoka nikaona zulia langu halina hata chembe ya vumbi.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo tulikuwa kwenye daraja dogo, foleni imesimama. Mpishi akashusha kioo. Akainamisha kichwa nje. Nikasema kuna nini. Akasema hakuna. Nikasema chini ya daraja hili hakuna mto, ni reli. “Najua,” akasema. Akapandisha kioo, akaendesha vizuri tu mpaka ofisini. Kila indiketa mahali pake.

Nikazima gari nikamuuliza kama mama mzazi. Umeacha dawa?

Ameacha. Wiki ya pili sasa. Juzi alionja chumvi, akalia peke yake jikoni kwa watu. Amerudishiwa masufuria. Jana walimsifu mbele ya wageni. “Mwalimu, mimi bila ulimi ni nani? Niambie. Mtu wa kumenya vitunguu.”

Na maji?

Mbali, akasema. Kama jirani anaoga.

Nikamwambia sitampeleka barabarani tena mpaka amwone daktari. Mafunzo yatakuwa uwanjani, na gari limezimwa, nitamfundisha alama. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama nitamwambia kaka yake.

Nilisema sitamwambia kabla ya Jumatatu, ila Jumatatu twende kliniki pamoja. Alikubali. Nikamwambia Baba Pacha bila kutaja mtu. Akasema Mama Pacha, hayo ni mambo ya serikali, wewe umeyapakia kwenye gari la mafunzo. Amesema kweli.

Jumatatu, 29 Aprili

Kliniki. Benchi limejaa, watu wamekaa mpaka ngazini. Nesi mmoja, simu mbili, sauti imemkauka. Daktari wa akili huja siku moja tu kwa wiki, kisha huenda wilaya nyingine, na leo siyo siku yake. Arudi wiki ijayo. Kubadilisha dawa hakuna mwingine mwenye mamlaka. Nesi anaweza kumpa zile zile.

Mpishi akampa nesi mkono, akashukuru, dawa hakuchukua.

Nikabaki nyuma nikamweleza nesi ukweli wote: ameacha, anasikia. Akaniangalia kwa huruma, nadhani ilikuwa kwangu. Je, ametishia mtu? Hapana. Amevunja kitu? Bado. Anakula? Anakula vizuri kuliko mwezi uliopita. Basi, akasema, hapo hata nikimwandikia alazwe, Baraza litamwachia. Kuna Baraza siku hizi.

Sikumwambia mimi ni nani.

Jioni nilimpigia kaka yake. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante kwa kunijulisha, mama. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Jumatano, 1 Mei

Kikao, ingawa ni sikukuu. Mzee mmoja, anakataa kula, anadhani chakula kina sumu, amebaki mifupa. Wote watatu tulisema abaki. Hakuna aliyebishana. Daktari akanipa lifti mpaka kituoni. Nilitaka kumuuliza kuhusu ulimi na dawa, nikaanza. Akasema kwa upole: kuna dawa nyingine, ndiyo, zisizoua ladha, huwa zinapatikana hospitali, si kliniki. Analazwa, zinabadilishwa taratibu, anaangaliwa. Kisha akasema, “Ni yule?” Nikatazama nje dirishani.

Hakusema “nilikwambia.”

Alhamisi, 2 Mei

Naandika nimekaa kwenye gari, barabara ya hospitali, upande wa pili wa geti. Niandike tu.

Saa nne kaka yake amepiga. Dada yake amebomoa tena. Bafu lote, safari hii kwa mchi wa chuma wa jikoni. Hakumgusa mtu, hakukuwa na mtu. Kisha ametoka, hajulikani alipo. Kaka amewaita polisi, wanamtafuta mtaani. Alikuwa anahema. Alisema wakimkamata wao watamfunga mikono, kama mara ile, na watu watatoka nje kutazama.

Nimekata simu, nimegeuka. Mpishi yuko mlangoni mwa ofisi. Saa yake ya somo.

Vumbi jeupe kichwani, kwenye nyusi, kwenye mikono mpaka viwikoni. Kucha mbili zinatoka damu. Mkoba begani kama kawaida. “Nimechelewa kidogo, Mwalimu. Samahani.”

Nilimpa maji ya kunywa. Aliyatazama kwenye gilasi, akayanywa yote. Nikamwambia kaka yako amenipigia. Akasema anajua. Nikasema polisi wanakuja. Hilo hakulijua. Akakaa chini, pale pale kwenye zulia.

“Yalikuwepo,” akasema. “Safari hii nilikuwa na hakika. Nimebomoa mpaka nje, nimeona jua. Hayapo. Na bado nayasikia.”

Nikamwambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni wakukute hapa. Ya pili ni uende wewe mwenyewe, ukaseme nataka kulazwa. Kwa hiari. Huko dawa zinabadilishwa, kuna nyingine haziui ulimi, Daktari ameniambia. Sikusema daktari gani.

Akauliza nani ataendesha. Nikasema leo mimi.

Kwa hiyo amekaa kwenye kiti changu, chenye pedali za mwalimu. Akazitazama miguuni. “Kumbe hapa kuna breki.” Kuna breki, nikasema. Tumeondoka. Karibu na soko akaikanyaga, yote, ghafla. Gari likajisokota, paji langu likagonga usukani, lori nyuma likapiga honi ndefu. Nikamtazama. Alikuwa mweupe kwa vumbi na kwa woga.

“Nilitaka kujua kama inafanya kazi.”

Inafanya kazi, nikasema. Nikawasha, tukaendelea. Hakuigusa tena. Miguu aliipandisha kwenye kiti, akaikumbatia.

Geti tumeliona. Akasema simama hapa kwanza. Nikasimama. Akaniuliza, bila kunitazama: “Mwalimu, wewe umeisoma sheria. Nikiingia kwa miguu yangu, nikitaka kutoka natoka kwa miguu yangu?”

Nikafungua mdomo. Ndiyo ilikuwa imefika kwenye ulimi.

Kuna kifungu. Mgonjwa wa hiari akiomba kutoka, na daktari wa zamu akaona ni hatari, anaweza kumzuia papo hapo, mpaka Baraza limsikilize. Hiari yake inageuka ndani ya mlango ule ule. Siku ya mafunzo niliona ni kifungu cha busara. Bado naona ni cha busara. Akiambiwa, anashuka hapa na anaondoka, na barabara hii ina nyumba pande zote, na kila nyumba ina ukuta. Asipoambiwa, ataingia. Siku atakapoomba kutoka ndipo atajua, na wa kumwambia hatakuwa mimi. Kiti changu kitakuwa na mtu mwingine.

Nimesema acha nifikiri. Amesema sawa, fikiri, nikanawe uso, siwezi kuingia hivi, watadhani nina wazimu. Akacheka kwa lile pengo lake. Yuko kwenye bomba la kibanda cha matunda, ameinama, vumbi linatiririka jeupe mpaka mtaroni. Amefungua bomba mpaka mwisho. Mwenye kibanda anamlalamikia, hamsikii.

Simu inaita. Kaka yake. Inaita tena. Nimeilaza kifudifudi kwenye kiti cha nyuma.

Mlinzi wa geti anatutazama. Amesogea hatua kadhaa, amesimama.

Amefunga bomba. Anakuja. Hakimbii.

Ameingia. Maji yanamdondoka kidevuni. Amefunga mkanda mwenyewe, ameweka mkoba magotini.

“Haya, Mwalimu. Natoka au sitoki?”